Kufumba Macho Ukingoni mwa Tana

Mkufunzi aliyeletwa kutufundisha kutuliza watu alifika Garsen na kengele ndogo ya shaba iliyofungwa kwa kitambaa cha zambarau, na jambo la kwanza alilofanya ni kulalamikia feni. Jambo la pili ni kutuomba tuvue viatu. Sisi washauri nasaha wa vituo vya afya vya kaunti, watu wazima waliotoka Hola, Ndera na hata Madogo wakiwa wameoga vumbi la barabara, tukavua viatu na kuvipanga chini ya viti vya plastiki kama watoto wa madrasa. Akapiga kengele, akatuambia tuusikilize mlio wake mpaka uishe. Nje ya ukumbi fundi wa pikipiki alikuwa akijaribu injini isiyo na eksozi. Mlio wa kengele uliisha kabla hatujausikia ukianza.

Nilimdharau palepale. Siionei haya dharau hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisikilize. Mtu ninayempenda, maneno yake nayaacha yapite. Ninayemdharau namfuata neno kwa neno, nikitafuta pa kumshika.

Alikuja kutufundisha tiba ya kukubali na kujifunga kutenda. Kwa maelezo yake, mtu haponywi hofu kwanza ndipo aendelee na maisha. Anajifunza kuiacha hofu iwepo, kulitazama wazo kama wazo na si kama amri, kujiuliza ni kitu gani anachokithamini, kisha kupiga hatua kukielekea huku hofu ikiwa bado mwilini. Nilidhani hayo ni maneno ya watu walioshiba. Mkulima wa Tana akingoja woga uishe ndipo ashuke mtoni, atakufa na kiu. Kuja kutufundisha sisi jambo hilo, tena kwa projekta, niliona ni kama kuteka maji mtoni na kuyarudisha mtoni kwa tangi, kisha kuomba shukrani.

Tukaanza mazoezi. Zoezi moja lilikuwa kurudia neno "maziwa" kwa sauti na kwa haraka, mpaka neno lipoteze maana na libaki kelele. Mteja anayejiambia kwamba hafai, mkufunzi alieleza, ataona kwa njia hiyo kwamba hayo nayo ni maneno tu. Ukumbi mzima ukabwata maziwa, maziwa, maziwa, kama ndama waliofungiwa. Muuguzi mmoja Muorma, aliyekaa kando yangu, alinyamaza mapema.

"Mbona umeacha?" mkufunzi akamuuliza.

"Madam, mimi nimelelewa na ng'ombe. Hili neno hata nikilisema mpaka kesho linazidi kuwa tamu."

Watu wakacheka. Mkufunzi akaandika kitu kwenye simu yake, nadhani kwamba watu wa Tana River wana ucheshi.

Kisha likaja zoezi la majani. Alishusha sauti, ile sauti ya kuongea na mgonjwa aliyekwisha kata roho. "Fumba macho. Umekaa ukingoni mwa mto. Maji yanapita polepole. Kila wazo linalokujia, liweke juu ya jani, uliache liende."

Nilifumbua macho kuwaangalia wenzangu, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Karibu wote walikuwa wamefumbua pia. Hakuna mtu aliyelelewa kando ya Tana anayekaa ukingoni akafumba macho. Sisi huteka maji nyuma ya ua wa miiba, kwa kata iliyofungwa kwenye mti mrefu, na jicho haliondoki majini, kwa kuwa mamba hapigi hodi. Mama yangu kule Wenje alikuwa mtu mpole, lakini siku aliponikuta nimekaa ukingoni nikichezea bangili alinichapa mpaka majirani wakaja kuniombea. Basi tukakaa katika ukumbi ule tukitazamana, kila mmoja akimwona mwenzake yu macho, na kengele ilipolia kila mmoja akafumba haraka ili apate kufumbua pamoja na wengine.

"Mmeyaona majani?" mkufunzi akauliza.

"Tumeyaona, madam."

"Yalikwenda?"

"Yalikwenda."

"Yangu yalikuwa ya mwembe," akaongeza mshauri mmoja wa mstari wa mbele, mchungaji wa kanisa. "Yalifika mpaka Kipini."

Hapo dharau yangu ilihama kwa mkufunzi ikatuangukia sisi wenyewe. Yeye hakujua. Sisi tulijua, tukanyamaza, kwa sababu tuna desturi yetu na wageni wa semina: hakatazwi kitu. Anaitikiwa, anapewa soda, anapigwa picha na kundi zima, anaondoka akiwa na furaha, na sisi tunabaki na karatasi zake. Nimeona choo kikijengwa mahali ambapo kila mwanakijiji alijua patafurika, na hakuna aliyemwambia mgeni, maana angevunjika moyo. Choo kikaenda na maji, mgeni akawa ameshapanda cheo.

Mchungaji yule wa majani ya mwembe nilifanya naye kazi chumba kimoja, katika kituo cha afya cha Garsen. Chumba kiligawanywa kwa pazia, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeamini karatasi. Semina ilipoisha aliipeleka karatasi ya zoezi la majani ikapigwe plastiki, akaitundika ukutani kati ya kalenda na bango la kuhara.

Haukupita muda akaja mama mmoja kutoka kijiji cha mtoni, mwendo kidogo juu ya Garsen. Alikuwa mkulima, wa makamo, mwembamba, leso yake imefungwa kwa fundo la mtu anayetarajia kazi. Aliandamana na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na shemeji ndiye aliyesema. Nilikuwa upande wangu wa pazia nikipanga kadi za wateja, nikasikia yote.

Wakati mafuriko yanaanza kupanda, mama huyu na mumewe walikuwa wakirudi kutoka shambani kwao, ng'ambo ya mto. Kiboko akaibuka chini ya mtumbwi wao, ukapinduka. Mama alishika mizizi ya mti ukingoni akaokoka. Maiti ya mume ilionekana siku nyingine, mbali, mto unakoshukia. Tangu hapo mama hakukanyaga mtumbwi tena. Sasa maji yalikuwa yanashuka, na mkulima wa Tana hupanda akiyafuata maji nyuma: tope linapobaki wazi, bado bichi, mbegu hutiwa mara moja. Tope likikauka na kupasuka, msimu umekwenda. Na kwa taratibu za ukoo wao, shamba lisilopandwa hupewa ndugu anayeweza kulipanda. Halichukuliwi kwa ugomvi. Linapandwa tu, na aliyelipanda halirudishi.

"Shida yake ni uoga," shemeji alimwambia mchungaji. "Mimi nimemwambia, wewe kaa nyumbani, shemeji, mimi nitakulimia."

"Na mahindi yatakuwa ya nani?" niliuliza kutoka upande wangu, jambo lisiloruhusiwa katika kazi yetu.

"Ya familia," shemeji akasema.

Nikamsikia mama akicheka puani.

Mchungaji alimtoa shemeji nje, na kwa hilo namsifu. Kisha akageukia ukutani. Nilijua kwa sauti yake kwamba anasoma.

"Fumba macho, mama. Umekaa ukingoni mwa mto. Maji yanapita polepole."

"Mto gani?" mama akauliza.

"Mto wowote."

"Mimi najua mmoja tu."

"Basi huohuo. Sasa chukua jani."

Kiti kikakwaruza sakafu. Mama akapita mbele yangu, akatoka. Mchungaji alichungulia pembeni mwa pazia, amesikitika kwa dhati.

"Hayuko tayari kwa tiba," akasema.

"Mchungaji, mume wake alifia katika huo mto."

"Najua, dada. Lakini mazoezi tumefundishwa hivyo. Sisi ni nani tubadilishe?"

Huyu ni mtu aliyezaliwa kando ya maji haya, amewazika watu waliotolewa humo, na angemnasa kofi mtoto wake akimkuta amefumba macho ukingoni. Alilijua hilo hata katika ile semina. Lakini kwa kuwa tulimjibu mgeni kwamba majani yalikwenda, kwake ikawa kweli kwamba majani huenda.

Nilimkuta mama kwenye kivuli cha tangi la maji. Shemeji alikuwa kibandani akinywa chai, ametupa mgongo.

"Huyo ndugu yako ananirudisha majini nimefumba macho," mama aliniambia. "Siku ile nilikuwa nimefumbua, na ona."

Nikamwambia kwamba kuanzia hapo atakuwa mteja wangu. Akaniangalia viatu, kisha uso. "Wewe una jani pia?"

"Sina."

"Haya."

Kwanza nilifanya lile ambalo washauri wa huku hulifanya: nikatafuta suluhisho. Ng'ambo kunafikika kwa nchi kavu. Unashuka Garsen, unavuka daraja, unapanda tena upande wa pili. Niliona mkufunzi na kengele yake hawangefikiria jambo rahisi hivyo, nikajisifu moyoni. Nikatafuta bodaboda, nikamweka mama katikati, nikakaa nyuma. Tulivuka daraja vizuri. Mbele kidogo barabara ikawa tope jeusi, lile linaloshika tairi na kuvimba nalo, na dereva akasimama, akashuka, akaitazama pikipiki yake kama mtu anayetazama ng'ombe aliyelala.

"Mama zangu, hapa mpaka ndege," akasema.

Tulirudi tukiisukuma. Mama, tope mpaka magotini, aliongea njiani mara moja tu. "Daktari, umenizungusha Garsen nzima ili nisiuone mto."

Mkufunzi alikuwa ameahidi kutusimamia kwa simu, na zamu yangu ilipofika nilimsimulia kwa utaratibu, nikingoja aseme upuuzi nimshike. Kisha akauliza, "Ile njia ya daraja ilikuwa ya kumfikisha yeye shambani, au ya kukuepusha wewe kumwona akitetemeka?"

Nilitafuta pa kumshika sikupaona. Nilimchukia sana kwa lile swali, hasa kwa kuwa aliliuliza kwa sauti ya kawaida, bila kengele. Akaliharibu mara moja kwa kunishauri nijaribu zoezi la majani.

Lakini swali lilibaki. Nikaanza kukutana na mama kijijini kwao, kivukoni, mahali ambapo lazima mto uonekane. Kivuko kilikuwa kimehamishwa tangu ile ajali, mbali na dimbwi wanamolala viboko, na watu wanavuka kila asubuhi, hata binti yake mkubwa. Mvushaji alikuwa mtu wa mdomo, na siku tuliyokaa kwenye gogo, mbali na ukingo, hakutuacha.

"Hawa wanavuka au wanaabudu?"

"Endelea na kazi yako, bwana," mama akamjibu.

Nilimuuliza hofu inakaa wapi. Akasema kooni, na mikononi, mikono inakuwa ya mtu mwingine. Nilitaka kumwambia pole. Nilitaka kumwambia Mungu yupo, na watoto wapo, na kila kitu tunachoambiana matangani ili mwenye huzuni anyamaze nasi tupumzike. Sikusema. Nilikaa, yeye akitetemeka kando yangu, nami nikitazama mikono yake na kuiacha. Hiyo ndiyo stadi nzima. Inapofundishwa kwa projekta inaonekana ni kukaa bure. Kuifanya ni kama kushika sufuria ya moto na kuzungumza huku umeishika.

Nikamuuliza lile shamba ni la nini kwake. Nilitarajia maneno mazito. Akasema, "Shemeji akinipa mahindi, lazima nishukuru. Kila debe nishukuru. Nataka watoto wangu wale chakula ambacho hakuna wa kumshukuru."

Basi tukawa tumejua tunakokwenda, na tope lilikuwa linakauka. Binti alivuka kila siku na kurudi na habari: bado linazama kidole, leo linazama nusu, juu limeanza kushika ngozi.

Jambo nililoona aibu kulisema kwa sauti ni lile la kuongeza maneno mbele ya wazo. Badala ya "mtumbwi utapinduka," mtu anasema, "nina wazo kwamba mtumbwi utapinduka." Kwa Kiswahili lilinitoka kama tangazo la redio. Mama alilisikiliza, akalikata akachukua kipande alichotaka. Tulikuwa tumeingia katika mtumbwi uliofungwa ukingoni, mimi na yeye, tumekaa tu, maji yakigonga ubao.

"Sasa hofu inasema kiboko yuko chini," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi nimekaa."

Tulikaa hivyo mpaka mvushaji akachoka kungoja chombo chake. "Mtataga lini?" akauliza. "Hata kuku hushuka."

Mama alicheka mpaka mtumbwi ukayumba, kisha akashika ubavu wa chombo kwa mikono yote miwili, uso umesawijika, kisha akaendelea kucheka kidogo. Kwangu hilo lilikuwa somo kubwa kuliko wiki nzima ya ukumbini: hofu na kicheko vimeketi ubao mmoja na hakuna kilichomsukuma mwenzake.

Siku tuliyovuka, binti alikuwa ameleta habari kwamba baba mdogo ameondoka alfajiri na jembe na mfuko wa mbegu. Mama alifunga mbegu zake katika leso, akashuka kivukoni, akapanda. Mimi nikafuata. Sitapamba. Alilia njia nzima. Alimtukana kiboko, akautukana ukoo wake, akamtukana mvushaji aliyekuwa akisukuma upondo taratibu kwa heshima, kwa mara ya kwanza bila utani. Katikati ya mto alinikamata mkono, na kucha zake ziliacha alama nilizozitazama baadaye nikiandika ripoti ambayo ilisema tu kwamba mteja amepiga hatua. Macho yake yalikuwa wazi, yakipekua maji mbele na nyuma, kama inavyopasa.

Shemeji alikuwa amesimama shambani, pembeni, jembe begani. Alikuwa amekwisha safisha mraba mdogo. Akamtazama mama akipanda ukingo kwa magoti.

"Kumbe waweza," akasema.

"Siwezi," mama akajibu. "Nimekuja tu."

Akampita. Akachomeka kidole kwenye tope, likazama kidogo, akafungua leso. Alianzia kwenye ule mraba alioutayarisha shemeji. Hakumwambia asante. Nilikaa kwenye nyasi, nikamwona akitoboa na kutia, akitoboa na kutia, mikono ikitetemeka kiasi kwamba mbegu nyingine zilianguka nje ya shimo naye akazirudisha. Shemeji alimtazama mpaka akafika mwisho wa mraba, kisha akakaa chini na mfuko wake haujafunguliwa.

Baadaye nilialikwa kulisimulia jambo hili katika semina ya marudio. Mkufunzi alinipigia makofi kabla sijamaliza, akauliza kama hofu ya mteja imekwisha. Nikamwambia haijaisha, anavuka nayo. Akatabasamu kama aliyejipatia ushindi, na alikuwa na haki, jambo lililoniudhi. Mchungaji alitaka kujua majani nilitumia ya mti gani. Kisha kengele ikapigwa, tukaombwa tufumbe macho. Safari hii sikufumba wala sikujifanya. Nilimwambia mkufunzi kwamba watu wa hapa hawafumbi macho mtoni, nikamweleza sababu. Akasema, "Kwa nini hakuna aliyeniambia?" Muuguzi Muorma akajibu kwamba walitaka arudi nyumbani salama.

Lakini siku ile ya kuvuka kulikuwa na jambo ambalo mimi, pamoja na utaratibu wangu wote, sikuwa nimelifikiria. Jua lilipoanza kushuka mama alinyoosha mgongo, akauangalia mto, akaniangalia mimi.

"Daktari, na kurudi?"

Tulikuwa tumefanya mazoezi ya kwenda tu. Akasonya, akanawa mikono kwenye kidimbwi, akatangulia. Mtumbwi ulikuwa mmoja na abiria watatu, maana shemeji naye alikuwa hana njia nyingine. Mama aliingia kwanza, mikono ikiwa tena ya mtu mwingine, akakaa. Mimi nikafuata. Shemeji akakanyaga ubavu wa chombo na mfuko wake wa mbegu, tukayumba, maji yakaingia kidogo.

"Kaa katikati, shemeji," mama akamwambia, meno yakigongana. "Utatupindua."

Akakaa katikati.